Tumbawe Lisiloacha Jiwe

Jina lake la kitaalamu ni Xenia, na Mfaransa Lamarck ndiye aliyeiita hivyo jenasi hiyo mwaka 1816. Kwa Kigiriki cha kale neno hilo lina maana ya ukarimu: haki ya mgeni kwa mwenyeji wake, na ya mwenyeji kwa mgeni. Ajuaye tabia ya tumbawe hili ndani ya tangi la kioo hana budi kucheka kidogo alisikiapo jina. Huingia nyumbani likiwa kikonyo kimoja kisichozidi kidole gumba. Baada ya miezi michache ndilo lenye nyumba, na aliyelikaribisha anatafuta mkasi.

Miongoni mwa wafugao matumbawe majumbani, shughuli iliyoenea sana Ulaya na Marekani, Xenia huhesabiwa katika yale mepesi, pamoja na matumbawe-uyoga na yale yenye ngozi nene. Hupewa wanaoanza. Si tumbawe gumu. Halina mifupa ya chokaa isipokuwa punje ndogo mno zilizotapakaa mwilini mwake, na likitolewa majini hulala kama kamasi juu ya kiganja. Ndani ya maji, hata hivyo, husimama wima: shina fupi lenye weupe wa maziwa, na juu yake kundi la polipu, kila moja na minyiri minane iliyochanikachanika pembeni mithili ya unyoya wa ndege. Minyiri hiyo hufumba na kufumbua, hufumba na kufumbua, mchana na usiku, bila ya kitu chochote kuonekana kikishikwa. Wageni wa nyumba husimama mbele ya kioo hata chai ikapoa.

Mpemba mmoja mzaliwa wa Wesha, aliyehamia Leeds kaskazini mwa Uingereza tangu ujana wake, alipewa kikonyo cha Xenia na mwenzake wa kazi katika nyumba ya kutunzia wazee wanakofanya zamu ya usiku. Kililetwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji ya chumvi, mfuko ukiwa umeviringwa magazeti ili usipoe, na ukapakatwa kwenye basi kwa muda wa saa nzima. Hakulipa kitu. Hivyo ndivyo tumbawe hili linavyotembea duniani, kutoka mkono hadi mkono, hata asili yake ikapotea njiani. Anayelipokea hana awezalo kusema juu ya bibi wa bibi yake, kwamba alitoka Indonesia, au Bahari ya Shamu, au kwengineko.

Tamaa ya kuiweka bahari sebuleni si ya jana. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa London, alirudi kutoka Torquay na matumbawe madogo ya bahari ya baridi, na kwa kuwa hapakuwa na pampu, mjakazi wake aliamrishwa kila siku kuyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Anayesifiwa ni bibi. Mikono iliyomimina ilikuwa ya mjakazi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Kimarekani njia aliyoitumia yeye: mawe hai kutoka mwambani, mapovu ya hewa, na subira, akiwaachia vijidudu vya ndani ya mawe hayo kazi ya kuyatakasa maji. Mengi katika mashine zinazouzwa leo kwa bei ya kutisha ni nyongeza juu ya hekima hiyo ya mtu wa visiwani.

Mpemba wa Leeds hakuanza na hekima hiyo. Alianza na jiwe. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, na nyumbani kwao tumbawe lilikuwa na maana moja tu. Lilikuwa ni kitu kinacholetwa na mashua, kikarundikwa juu ya magogo yaliyopangwa duara, kikawashiwa moto, na moto ukisha kufa kikamwagiwa maji, kikaumuka na kusambaratika kuwa unga mweupe uliochoma macho. Watu wa mwambao wote walilijua tumbawe kwa namna hiyo. Likitolewa baharini bado bichi hukatika kwa urahisi, likikauka hushika ugumu wake, na kwa ajili hiyo mafundi walilichonga maua na maandishi: mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ni kazi ya jiwe hilo. Kuta za Mji Mkongwe ni jiwe hilo, na lipu inayozifunika ni jiwe hilo lililopita motoni. Mtu aweza kuzaliwa ndani ya tumbawe, akasoma chuoni ndani ya tumbawe na kuzikwa chini ya tumbawe, asifikirie hata siku moja kwamba lilikuwa mnyama.

Binti yake, aliyezaliwa huko huko Leeds, ndiye aliyeuliza.

“Baba, hiki kwa Kiswahili kinaitwaje?”

“Tumbawe.”

“Si ulisema tumbawe ni jiwe la nyumba ya babu?”

Alilolijibu baba halikumtosheleza mtoto, wala halikumtosheleza yeye mwenyewe. Lugha imekishikilia kile ambacho mkono ulikihitaji: marijani kwa ajili ya shingo na pete, tumbawe kwa ajili ya ukuta. Vitabu vya siku hizi husema “matumbawe laini”, tafsiri iliyo sahihi na isiyo na ladha yoyote, kama mtu aitaye mvua maji yaangukayo. Binti akaamua kukiita “vidole”, na jina hilo ndilo lililobaki katika nyumba ile.

Husemwa kwamba Xenia ni rahisi kutunza. Ukweli ni kwamba kinachotunzwa ni maji, na maji hayana urahisi. Tangi la nyumba ile ni la lita 180. Maji ya bomba hupitishwa kwanza katika vichujio vinavyoondoa klorini na madini, yakabaki matupu kama ya mvua, ndipo hutiwa chumvi ya bahari iliyokusudiwa kazi hiyo, karibu gramu 35 kwa lita, yakazungushwa usiku kucha. Joto halitakiwi kuondoka mbali na nyuzi 25. Kabla ya kikonyo kuingia, tangi lilikaa wiki sita na mawe na mchanga tu, kwani uchafu wa viumbe hutoa amonia, nayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo haifai, na aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo huvumilika. Jeshi hilo lisiloonekana halinunuliki likaja tayari kwa siku moja. Husubiriwa likue lenyewe. Na maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, kwa hiyo panapostahili kujazwa hujazwa maji matamu. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku huigeuza bahari yake kuwa shamba la chumvi, kisha akashangaa.

Kila Jumapili hutolewa ndoo mbili za maji ya zamani na kutiwa mbili za mapya. Taa zake hazifuati jua la Uingereza wala la Pemba. Zinawaka saa nane mchana na kuzimika saa nne za usiku, kwani mwenyewe hurudi kazini asubuhi akalala, na asingependa mchana wa bahari yake umpite akiwa usingizini. Tumbawe limezoea. Mwangaza ndio chakula chake kikubwa, kwa sababu ndani ya nyama yake mnaishi mwani wa chembe moja unaotengeneza sukari kwa nuru na kumgawia mwenyeji. Na hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hulijifunza kwa hasara: Xenia haipendi maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Anayenunua mashine ya kutoa povu na kuondoa kila chembe ya uchafu, akipania kumfurahisha mgeni wake, aghalabu hulikuta limenywea. Tena laweza kuyeyuka lote kwa siku mbili, shamba zima, bila ya sababu anayoweza kuitaja mtu. Wepesi wake si wa kutegemewa.

Kuhusu ule mchezo wa kufumba na kufumbua, watu waliuliza kwa miaka mingi una faida gani, maana kutikisa mwili bila kupumzika ni gharama, na kiumbe hakilipi gharama bure. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika ncha ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, kwenye Ghuba ya Aqaba, walichapisha majibu baada ya kulichunguza tumbawe la ukoo huo huo, Heteroxenia fuscescens. Waliona kwamba hupiga usiku na mchana, ila hupumzika kwa muda mfupi wakati wa alasiri. Waliona pia kwamba kila pigo huyasukuma maji yaliyokwisha kutumika mbali, yasirudi tena kwa polipu ile ile, na huondoa oksijeni ambayo, ikirundikana ndani ya nyama, huuzuia mwani kufanya kazi yake. Tumbawe linalopiga hutengeneza chakula mara nyingi zaidi kuliko lililonyamazishwa. Kwa maneno mengine, linampepea mgeni wake aliye ndani ili apate kupika. Lamarck hakuyajua hayo alipochagua jina.

Katika mwaka wa kwanza kikonyo kimoja kilifunika jiwe lake, kikashuka ubavuni, kikavuka na kupanda jiwe la pili. Xenia hutambaa, huacha tako lake nyuma, likachipua, na lenyewe likaendelea. Matumbawe mawili magumu aliyokuwa nayo Mpemba, yaliyonunuliwa kwa fedha na kwa woga, yalifunikwa kivuli, likafa moja. Ndipo alipolihamishia Xenia kwenye jiwe la pekee katikati ya mchanga, likawa kisiwa, na kila Jumapili mkasi ukapita ukingoni mwake. Kukata si kuua. Kila kipande chenye polipu chache huweza kuwa tumbawe kamili; gundi haikishiki kwa sababu ya utelezi, kwa hiyo huwekwa kikombeni pamoja na changarawe hadi kijishike chenyewe. Vingine hugawiwa kwa mifuko na magazeti, kwa muuguzi, kwa mwalimu wa shule, kwa kijana wa duka la simu. Vinavyobaki hutiwa katika ndoo ya maji matamu hadi vife, vikaanikwa, vikatupwa na taka. Havimwagwi chooni wala mtaroni. Katika jambo hilo Mpemba ni mkali kuliko alivyo mkali katika jambo lolote jingine.

Ukali huo ulijaribiwa mwaka 2024. Mwisho wa kaskazi wa mwaka ule maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto tena, na mwezi wa Aprili ikatangazwa kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe. Kwa wavuvi wa Wesha halikuwa neno geni. Miamba ya Misali, kisiwa wanachokiona wakisukuma vyombo vyao majini, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia vibaya mwaka 1998, na 2016 ukaja mwaka mwingine wa moto. Tumbawe lipatapo joto kupita kiasi humtoa ule mwani, likabaki jeupe kama kitambaa cha sanda. Joto likipungua upesi, mwani hurudi. Lisipopungua, lililo hai huwa jiwe, na jiwe huota majani, na baadaye huwa vifusi.

Mdogo wake Mpemba ni mvuvi wa nyavu na madema. Alikuwa amekwisha kuiona picha ya tangi kwenye simu, vidole vikicheza, na alikuwa ameisikia hadithi ya mkasi na mifuko.

“Kaka,” alisema, “hicho kinachoota kama magugu, ukija usituletee kikonyo kimoja? Huku kwetu pamebaki vifusi. Tukipandikize, kitaenea chenyewe.”

“Siwezi, mdogo wangu.”

“Huwezi au hutaki?”

“Sitaki.”

Kulikuwa na ukimya, kisha ikaja kauli ambayo mkubwa aliibeba kwa miezi: “Wazungu unawafungia kwenye mifuko na magazeti, sisi ndugu zako ndio unaotunyima.”

Si haki kumdhania mvuvi ujinga. Hoja yake ina mantiki ya mkulima: ardhi ikiwa uchi, panda kinachoshika upesi. Tena akaongeza, na kwa usahihi kabisa, kwamba viumbe wa namna hiyo wamo katika bahari ya Pemba, amewaona kwa macho yake wakifumba na kufumbua akizamia pweza. Kweli wamo, ukoo wa Xenia umeenea tangu Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Pasifiki. Lakini ukoo ni mkubwa, na kikonyo cha Leeds hakina hati ya uzazi. Aliyepita katika matangi kumi ya watu kumi hubeba katika ute wake mwani, minyoo na maradhi ya matangi yote kumi.

Yapo na yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2014 kulichapishwa habari za tumbawe laini la ukoo huo lililokutwa likitanda katika pwani ya mashariki ya Venezuela, bahari ambayo si yake. Mwaka 2021 likatambuliwa kuwa ni Unomia stolonifera, mwenyeji wa upande wa Indonesia, na njia inayodhaniwa kumfikisha huko ni biashara ya matangi ya majumbani. Lilitambaa juu ya miamba na juu ya majani ya bahari, likayafunika matumbawe magumu kama zulia. Baadaye limeonekana Cuba, na mwaka 2020 katika Bandari ya Pearl huko Hawaii. Brazili nayo ilipata wake, kwenye Ghuba ya Ilha Grande, waliotangazwa mwaka 2018, na mmoja wao ni wa jenasi iitwayo Sansibia, jina ambalo Mzanzibari yeyote atatambua sauti ya kwao ndani yake. Haliburudishi kulisikia jina la nyumbani likitajwa katika orodha ya wavamizi.

Na lau Xenia lingekuwa halidhuru, bado lipo swali ambalo mtoto wa mchoma chokaa asingeweza kuliepuka. Tumbawe hili haliachi jiwe. Linaweza kufunika eneka moja la mwamba uliokufa likalipamba hata mpiga picha akafurahi, lakini likifa halibaki kitu. Halijengi pango la kujificha changu, wala shimo la pweza, wala ukuta wa kulivunja wimbi kabla halijafika ufukweni. Mwamba wa bahari ni kaburi la juu ya kaburi, mifupa ya waliotangulia ikibebeshwa walio hai, na asiye na mifupa hana mchango katika ujenzi huo. Jambo lenyewe halihitaji hata mgeni wa kutoka Leeds. Katika miaka ya 2000 watafiti walieleza jinsi matumbawe-uyoga, yale yale yanayopewa wanaoanza kufuga, yalivyo mengi katika baadhi ya miamba ya Unguja na Dar es Salaam, yakikalia mahali ambapo matumbawe magumu yalikuwa yamekufa au kuvunjwa. Yanakaa vizuri. Magumu hayapati pa kurudi.

Hayo yote mkubwa aliyaeleza kwa simu, kwa vipande, katika wiki kadhaa. Alieleza pia kwamba ikiwa ni kupandikiza, watu hupandikiza magumu ya hapo hapo, matawi yaliyovunjika kwa wimbi au nanga, yakafungwa kwenye fremu za chuma hadi yashike, na kwamba kazi ya namna hiyo imekwisha fanywa karibu na kisiwa cha Mnemba. Mdogo alisikiliza kwa adabu impasayo mdogo. Kisha hakupiga simu kwa muda mrefu. Salamu zilipitia kwa dada yao.

Alipopiga tena ilikuwa kusi, na upepo ulisikika ndani ya simu. Alikuwa na swali moja: hayo magumu hukua kiasi gani kwa mwaka?

Mkubwa alijibu kwamba hutegemea. Yale ya matawi, yakipata maji mazuri, huweza kufika shubiri ndogo. Yale ya duara, mazito, yaliyo kama vichwa vya ng'ombe, hukua upana wa kidole kimoja, pengine usifike.

“Ya duara ndiyo aliyokuwa akiyataka baba,” alisema mdogo. “Alisema ndiyo yatoayo chokaa njema.”

“Ndiyo hayo.”

“Kubwa la kufika kifuani, basi, lina miaka mingapi?”

“Mia. Na zaidi.”

Mdogo alinyamaza akihesabu. “Na tanuu moja baba akilijaza kwa siku ngapi?”

“Tatu,” alijibu mkubwa. “Akiwa na vibarua.”

Upepo ulivuma kidogo katika simu. Kisha mdogo akauliza habari za mashine ya boti, ile ya nguvu tisa, kama fedha yake imekwisha timia.